Hesabu Watu Kabla ya Mabati



Leo tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu tungeliandika katika daftari la fundi, wala si katika kitabu cha ibada. Jambo lenyewe ni kubadilisha paa la nyumba. Na hasa, namna ya kuiandaa nyumba kabla bati la kwanza halijang'olewa. Msishangae. Neno la Mungu halioni haya kupanda ngazi. Limo ndani yake tobo lililochimbwa juu ya dari, imo sheria ya ukingo wa paa, na limo onyo la Mhubiri, katika sura ya 10, kwamba mwenye nyumba akikunja mikono, mvua haitakunja yake.

Kila mwaka masika yanapokwisha, kati ya mwezi wa Juni na Septemba, sauti ya nyundo husikika katika mitaa ya katikati ya Dar es Salaam. Ni majira yafaayo kwa kazi hiyo, kwa maana mvua kubwa za Machi hadi Mei zimekwisha kupita, na zile za vuli bado hazijafika. Mwenye nyumba aliyepanga sufuria chini ya matone usiku wa Aprili, sasa anakwenda Gerezani kuuliza bei ya mabati. Anafanya vema. Atakayengoja mpaka Machi atakuwa amejifunga kuomba dua ambayo mkulima wa Morogoro anaomba kinyume chake.

Tunazifahamu nyumba hizo. Ingawa Kariakoo ya leo imejaa maghorofa, zingali zimebaki nyumba za zamani za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, baraza mbele, na uani nyuma penye jiko, choo na vyumba vya ziada. Wazee wetu waliziezeka kwa makuti. Wengine wakaziezeka kwa madebe yaliyokunjuliwa. Kisha yakaja mabati. Chini ya paa moja la namna hiyo aghalabu hulala jamaa nne, tano au sita, zisizo za ukoo mmoja wala dini moja, zinazoshiriki bomba moja la maji na ua mmoja wa kuanikia nguo. Kwa hiyo mtu akisema, "Nabadilisha paa langu," na tumwulize kwa upole: Je, ni lako peke yako? Mabati ni yako, maana umeyanunua. Usingizi ulio chini yake ni wa wengi.

Kabla hatujawafundisha wengine, sisi wenyewe tuna la kuungama. Miaka mingi iliyopita tuliiezeka upya nyumba moja iliyokuwa mikononi mwa usharika wetu. Kamati ilikaa mara tatu. Tulihesabu mabati, tukapima misumari kwa kilo, tukakadiria mbao kwa futi, tukapanga siku za fundi na chakula chake. Tulihamisha viti, vitabu vya nyimbo na kinanda; hata saa ya ukutani tuliizungushia kanga isiingie vumbi. Asubuhi na mapema mafundi wakapanda. Kufika alasiri paa lote lilikuwa chini, kwa kuwa walitaka kumaliza kazi ya kung'oa kwa siku moja. Mbao mpya zilikuwa hazijaletwa. Tukapeana mikono, tukaenda kulala makwetu.

Usiku ule ikanyesha mvua ya mchoo, mvua ile ya kipupwe isiyokuwa na miadi na mtu. Haikuwa kubwa. Lakini katika chumba cha uani alikuwamo mama mmoja mzee, mpangaji wetu, muuza maandazi, pamoja na mjukuu wake aliyekuwa na homa. Hakuna aliyekuwa amemwambia siku ya kazi. Hakuna aliyemwuliza atalala wapi. Si kwamba tulimfukuza. Laiti tungemfukuza, angalau angalijua kwamba inampasa kutafuta pa kwenda. Tulimsahau tu. Alikaa juu ya ndoo mpaka alfajiri, amemkinga mtoto kwa sinia lake la maandazi na kipande cha nailoni. Tulipofika asubuhi, yeye ndiye aliyetangulia kusema: "Poleni na kazi, wanangu."

Mtoto yule alipona, Mungu ashukuriwe. Sisi tulibaki na ile pole. Tulikuwa tumemtendea kosa, naye akatupa pole. Tuliporudi kulitazama daftari letu la maandalizi, tuliona humo mabati, misumari hata ya akiba, nauli ya mkokoteni na chai ya mafundi. Halikuwamo jina la mtu hata mmoja aliyelala chini ya paa lile. Ndipo tulipojifunza neno tunalowaletea leo: kabla hujahesabu mabati, hesabu watu.

Wapendwa, Mwinjili Marko katika sura yake ya 2 anatusimulia habari za mtu aliyepooza, ambaye watu wanne walimbeba hadi nyumba alimokuwamo Yesu katika mji wa Kapernaumu. Mlango ulikuwa umezibwa na umati. Wakapanda juu, wakalitoboa paa, wakamteremsha mgonjwa pamoja na kitanda chake. Marko anasema habari ya kuchimba, maana mapaa mengi ya nchi ile yalikuwa ya boriti, matawi na udongo ulioshindiliwa. Luka yeye anataja vigae. Liwe la udongo au la vigae, jambo moja ni hakika: vumbi liliwaangukia watu vichwani, na kwa mlango wa paa lililobomolewa aliingia mtu aliyekuwa amekosa mlango mwingine.

Tumezoea kuwasifu wale wanne, nao wanastahili sifa. Lakini leo na tumfikirie pia mtu ambaye Injili haimtaji katika tukio hilo: mwenye nyumba. Hakupewa muda wa kufunika vyombo. Hakuulizwa kama ana fedha za kuziba tobo. Na Yesu, alipoinua macho na kuona paa limefunguka, hakuanza kwa kuuliza hasara ni kiasi gani. Alimtazama mtu aliyelala mbele yake. Huo ndio utaratibu wa Mungu. Paa ni jema, na bila shaka jioni ile au kesho yake alipatikana mtu wa kulitengeneza. Lakini mtu hutangulia, paa hufuata. Nasi tunaopewa muda wa kujiandaa, ambao mwenye nyumba wa Kapernaumu hakupewa, tutajitetea kwa lipi tukimsahau mtu?

Hapa Kariakoo tunao mfano wa paa lililoanza kwa kuwafikiria watu. Jengo la Soko Kuu lililofunguliwa mwaka 1975 lilibuniwa na msanifu wetu Mtanzania, Beda Amuli. Alilifunika kwa miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, hewa ipite na joto lisiwachome wauzaji na wanunuzi. Na moto ulipoliunguza soko hilo tarehe 10 Julai 2021, wafanyabiashara wengi walijua kwa usiku mmoja maana ya kukosa kivuli: kila mmoja alilazimika kutafuta mahali pengine pa kutandika bidhaa zake. Walioomboleza hawakuombolea zege. Waliombolea riziki iliyokuwa chini yake.

Basi tuwahesabu watu. Tutawahesabu mahali patatu: walio ndani ya nyumba, walio juu ya paa, na walio nje barazani na njiani.

Kwanza, walio ndani. Mwenye nyumba, chukua daftari upite chumba hata chumba, ubishe hodi kama mgeni. Uliza wanalala wangapi. Uliza nani mgonjwa, nani ana pumu, nani amejifungua karibuni, nani mzee asiyeweza kubeba kitanda chake. Waambie siku ya kuanza na siku ya kumaliza, nawe uwaambie mapema, wiki kadhaa kabla, wala si usiku wa kuamkia kazi. Kisha uliza swali ambalo sisi hatukuliuliza: utalala wapi? Yuko atakayekwenda kwa dada yake Temeke. Yuko ambaye hana kwa kwenda. Huyo ni wako. Kumtafutia pa kulala ni sehemu ya gharama ya paa, sawasawa na misumari.

Ukiwa humo vyumbani, tazama juu wakati wa adhuhuri. Zima taa, funga madirisha, uone nuru inapoingia. Kila nyota utakayoiona mchana ni tone utakalolisikia usiku. Mwombe fundi azikague kenchi na boriti kabla ya kununua chochote. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, nayo hula bati na msumari. Mchwa nao hula mbao kimya kimya. Bati jipya juu ya mbao iliyoliwa ni kumvika mgonjwa shati jipya. Na ujue kwamba geji ya namba ndogo ndiyo bati nene, wengi wasije wakaipenda namba kubwa kwa kudhani ni ubora.

Kisha andaa vitu. Vya kwanza kutoka ni karatasi: hati ya nyumba, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kadi za kliniki, picha za marehemu. Hivyo havinunuliwi Gerezani. Baada ya hapo vyakula, magodoro na nguo. Na visivyohamishika vifunikwe vizuri, kwa maana dari ya miaka 40 ina masizi, vinyesi vya panya na vumbi lisilomhurumia mwenye kifua. Mitungi na matangi ya maji yafunikwe. Watoto wasiwepo saa za kung'oa.

Na kama paa lako la zamani ni la asbesto, yale mabamba ya kijivu yenye mawimbi yaliyoezekwa katika nyumba nyingi za miaka iliyopita, simama kabisa. Usiruhusu yapigwe nyundo, yakatwe kwa msumeno, yaburutwe wala yafagiliwe makavu. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Vumbi lake halionekani, halina harufu, na ugonjwa wake huchukua miaka mingi kujitokeza, hata mtoto aliyecheza chini ya paa hilo leo anaweza kuugua akiwa mtu mzima. Nenda kwa maofisa wa afya na wa mazingira, uulize utaratibu wa kuyaondoa na mahali pa kuyazika. Usimpe maskini mabamba hayo ajengee banda la kuku na kudhani umetoa sadaka.

Halafu, liko jambo la haki. Wako wenye nyumba ambao habari ya paa huifanya kuwa mlango wa kumtolea mpangaji asiyetakiwa. Humwambia, "Toka wiki mbili nitengeneze," na paa likiisha, chumba kimekwisha kupata mtu mwingine kwa kodi mpya. Wako pia wanaodai kodi ya mwaka mzima ili wanunulie mabati, bila maandishi yoyote. Ndugu yetu, ukihitaji msaada wa wapangaji, waite ukumbini, waeleze gharama yote, na fedha watakayoitanguliza iandikwe, ikatwe katika kodi ya miezi ijayo mbele ya mashahidi. Tena wako ndugu wa tumbo moja waliorithi nyumba ya baba, nao wameiacha ivuje miaka kumi kwa sababu kila mmoja anaogopa kwamba atakayenunua bati atajiita mwenye nyumba. Kaeni kikao, muandike nani ametoa nini. Wakati ninyi mnashindania mbao, zinaoza.

Pili, walio juu ya paa. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu aliwaagiza Israeli kwamba ajengaye nyumba mpya aizungushie paa ukingo, mtu asije akaanguka, na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Ndugu zangu, tuitafakari sheria hiyo. Mungu hakusema kwamba aliyeanguka angetazama vizuri. Alimgeukia mwenye nyumba.

Fundi wako ni mtoto wa mtu. Apewe ngazi imara na mtu wa kuishika. Awe na kamba ya kujifunga, na viatu visivyoteleza. Asikanyage bati kuukuu katikati, bali afuate mstari wa misumari, ambako chini yake kuna mbao. Akumbuke kwamba bati lililoshikwa wakati upepo wa kusi unavuma ni tanga la jahazi. Limewahi kumchukua mtu. Saa sita mchana bati jipya huchoma kama kikaango. Mwachie muda wa kupumzika, na maji ya kunywa yawepo. Nyaya za umeme zinazoingilia paani zisiguswe kwa kubahatisha. Waite TANESCO wakate na kurudisha. Si kazi ya kijana jasiri mwenye koleo.

Na tuseme neno juu ya haraka, maana ndiyo iliyotuponza sisi. Usikubali bati la kwanza ling'olewe kabla mbao zote, mabati yote na misumari yote havijafika nyumbani na kuhesabiwa. Hata hapo, funguweni upande mmoja kwa wakati mmoja, kiasi ambacho jua halitatua kabla hamjakifunika. Turubai liwepo karibu, limekwisha kufungwa kamba tayari, hata kama mbingu ni nyeupe kama sahani. Ni kazi ya siku mbili zaidi, na ujira wa siku mbili zaidi. Lipa. Na siku ya mwisho mlipe fundi kabla hajateremsha vyombo vyake vyote, asije akalala njaa chini ya paa lake linalovuja baada ya kuziba lako.

Tatu, walio nje. Kwenye kuta za Kariakoo hakuna mahali patupu. Chini ya upenu wako amekaa mama lishe na vyungu vyake, kijana ametandaza mitumba, fundi wa saa ameweka kimeza chake, na watoto wanapita kwenda shule. Hao hawalipi kodi kwako, lakini bati likiteleza litawaangukia wao kwanza. Wapelekee habari. Zungushia kamba mahali pa kazi, weka mtu wa kuonya wapita njia. Kila jioni pitisha sumaku na ufagio barabarani, kwa kuwa msumari wenye kutu hauulizi kiatu ni cha nani. Mwarifu mwenyekiti wa mtaa, uulize halmashauri ya jiji kama kazi yako inahitaji kibali. Na jirani wa kushoto na wa kulia wajue, maana paa jipya hubadili njia ya maji. Maji uliyoyakataa yasiende kuubomoa ukuta wa mwenzako.

Kariakoo inalijua swali la kuwahesabu watu kwa uchungu mkubwa. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka katikati ya mitaa yetu, saa ambazo maduka yalikuwa na watu. Wengi waliokolewa wakiwa hai, wengine zaidi ya 20 walipoteza maisha. Na kabla ya hapo, tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilianguka na kuua watu 36. Hatusimami hapa kutoa hukumu juu ya misiba hiyo. Yako mabaraza yenye kazi hiyo. Tunasema neno moja tu. Jengo likishaanguka, swali linalotangulia mengine yote ni hili: Ndani walikuwamo wangapi? Hakuna anayeuliza kwanza habari ya nondo na saruji. Basi swali ambalo mauti hutulazimisha kuliuliza mwishoni, upendo unatuomba tuliulize mwanzoni.

Labda msikilizaji mmoja anasema moyoni: Mimi sina nyumba, nimepanga, mahubiri haya hayanihusu. Yanakuhusu. Wewe unajua yuko nani chumba cha tano ambaye hatoki nje wiki hii. Mwenye nyumba akija na daftari lake, usikae kimya. Sema, "Baba, kuna bibi kule uani." Laiti mtu mmoja angalituambia sisi maneno hayo matano. Na siku ya kuhamisha vyombo, ukimaliza vyako, shika upande wa pili wa kitanda cha jirani.

Tukumbuke, wapendwa, asili ya jina la mtaa huu. Kariakoo imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliowekwa hapa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya kuuteka mji huu mwaka 1916. Walibeba vyakula, risasi na majeruhi wa watu wengine mamia ya maili, na wengi mno walikufa njiani kwa njaa, maradhi na uchovu. Pale katika Barabara ya Samora imesimama sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Anayeonekana juu ni askari na bunduki yake. Mpagazi ametajwa katika maandishi. Jina la mpagazi limebaki hapa sokoni, ambako hadi leo vijana hubeba magunia mabegani kutwa nzima.

Wale wanne wa Kapernaumu nao walikuwa wapagazi. Injili haikutuachia majina yao. Tunajua mzigo wao tu, nao ulikuwa mtu. Waliufikisha, na Bwana akaiona imani yao. Tunapenda kufikiri kwamba baada ya yule mgonjwa kusimama na kujitwika kitanda chake, wale wanne hawakwenda zao moja kwa moja. Walipanda tena juu, na yule aliyepona akiwapokeza udongo kutoka chini, wakaliziba paa la watu. Haikuandikwa hivyo. Lakini mtu aliyebebwa na wenzake hujifunza kubeba.

Yule mama wa maandazi amekwisha kutangulia mbele za haki. Nyumba ile nayo imepita mikononi mwa wengine. Hatukupata nafasi ya kuirudisha pole yake kama ilivyotupasa. Tulimwomba radhi, naye akacheka, akatuambia mvua ni ya Mungu. Ilikuwa kweli, mvua ilikuwa ya Mungu. Paa lilikuwa letu.

Basi wewe uliyeweka akiba mwaka huu, uliyekwisha kuuliza bei na kumpata fundi, hongera. Mungu na aibariki kazi ya mikono yako. Jioni ya leo, kabla hujaandika idadi ya mabati, fungua ukurasa mpya. Andika majina. Anza na aliye mbali na mlango, aliye uani, asiyesikika. Ukimaliza, geuza ukurasa, ndipo uandike mabati.

Tuombe.

Ee Baba uliye kimbilio letu, wewe uliyemtuma Mwanao akaishi katika nyumba zetu zenye kuvuja, twakushukuru kwa kila paa na kwa kila mkono uliolijenga. Utusamehe sisi tuliohesabu vitu tukawasahau watu. Uwalinde mafundi walio juu ya ngazi, wapita njia walio chini, na wagonjwa walio ndani. Uwakumbuke usiku huu wale wasio na paa hata la kuvuja, katika mabaraza na vichochoro vya jiji letu, nasi utupe kuwakumbuka kesho. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.